Bi Mkubwa na Maegesho ya Wales

Mpaka leo mtu akinitajia Wales, kitu cha kwanza kunijia akilini ni maegesho ya magari. Niliyaona ya changarawe, ya lami, ya majani yaliyolowa, ya chini ya ngome, ya kando ya maporomoko ya maji, na moja lililotazamana na ukuta wa choo. Wenzetu huvuka dunia kwenda kuona milima. Mimi na Bi Mkubwa tulivushwa dunia tukaonyeshwa magari ya watu, na nikikumbuka bado damu inanichemka.

Nilikuwa namtunza Bi Mkubwa nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa Al Twar, Dubai. Mimi ni mtu wa Nyandarua, Kenya; yeye alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa bi harusi kijana wakati mji wenyewe, alivyosema, ulikuwa mchanga na mbuzi. Miguu ilikuwa imemlegea. Ndani ya nyumba alitembea kwa fimbo na kwa bega langu, nje kwa kiti cha magurudumu. Lakini ulimi na akili havikuwa vimelegea hata kidogo. Kiswahili changu cha bara alikisahihisha kila siku ya Mungu.

"Bi Mkubwa, chakula iko tayari."

"Kiko, mwanangu. Chakula kiko. Hiyo 'iko' yako iwache huko huko Nairobi."

Mwanawe nilimwita sir, mkewe madam, kama sote tulivyowaita waajiri. Sitaki kuwasingizia: hawakuwa watu wabaya. Hawakunipigia kelele, nilikula walichokula, na siku yangu ya mapumziko hakuna aliyeigusa. Labda ndiyo sababu hasira yangu ilichelewa kuamka. Mtu akikutukana unajua la kufanya. Mtu akimwonea mama yake kwa sauti ya upole, unabaki unajiuliza kama umesikia vibaya.

Kiangazi hicho, joto likiwa limefika pale ambapo mshikio wa mlango wa gari unaunguza vidole, sir alitangaza kwamba tunakwenda Wales sote: yeye, madam, mabinti zao wawili, mama na mimi. Alisoma huko ujana wake na alikuwa amekodi nyumba katika mji mdogo wa soko, mashambani kabisa. Kila asubuhi, alisema, tutatoka kwenda kuona kitu na jioni tutarudi. Aliyataja hayo kwenye sebule kama mtu anayegawa zawadi.

Bi Mkubwa aliuliza jambo moja tu. "Huko kuna gari la moshi?"

"Yapo, mama. Yale ya kizamani hasa, ya makaa. Wanawapandisha wageni."

Hapo akatueleza habari ambayo hata wajukuu zake hawakuwa wameisikia. Mama yake, alipokuwa msichana, aliwahi kupanda gari la moshi la Unguja, lile lililokuwa likitoka mjini kwenda Bububu. Cheche zilirukia kanga yake mpya zikaitoboa, akarudi nyumbani akagombezwa kutwa nzima, na hata alipokuwa mtu mzima alikuwa akiisimulia safari ile kwa kicheko. Bi Mkubwa alipozaliwa, reli ilikwisha ng'olewa.

"Miye sikulikuta," alisema. "Nataka nilipande japo mara moja."

"Inshallah, mama," sir alijibu.

Nimekaa Dubai miaka ya kutosha kujua kwamba kuna inshallah ya kumwomba Mungu, na kuna inshallah ya kumfungia mtu mlango kwa adabu. Siku ile nilidhani ni ya kwanza. Tulikwenda Deira kununua makoti, Bi Mkubwa akakataa la kijivu akisema hajafa bado, akachukua jekundu lililoiva kama pilipili.

Mji wenyewe niliupenda mara tu tulipofika. Barabara kuu moja, mnara wa saa, bucha, duka la sufi, na uwanja wa mnada ambapo kondoo walilia siku ya soko hadi ukashindwa kusikia simu. Ukungu ulishuka vilimani kama unavyoshuka kwetu. Nilicheka peke yangu: nilikimbia baridi na kondoo nikaenda kutafuta maisha Dubai, na Dubai ikanirudisha kwenye baridi na kondoo. Barabarani kila penye kona wameandika neno kwa rangi nyeupe, ARAF, la lugha yao, maana yake punguza mwendo. Bi Mkubwa, ambaye Kiarabu alikijua vizuri, aliona kama lami inamwambia "najua". "Barabara za huku zinajua," alisema. "Watu sijui."

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye ngome. Sir alisimamisha gari, akageuka nyuma akasema, "Mama, hapa ngazi ni nyingi, na za mzunguko. Utachoka bure. Kaeni garini, hatutakawia."

"Nendeni, nendeni," alisema Bi Mkubwa akitabasamu.

Ngazi zilikuwepo, sikatai. Lakini kabla ya ngazi kulikuwa na uwanja mpana wa majani, tambarare, na watoto wanacheza mpira, na vikongwe wa kizungu wamekaa kwenye viti vyao vya magurudumu wakila keki wakiitazama ngome. Sisi tuliiona kipande kupitia kioo kilichojaa ukungu wa pumzi zetu. Nilikifuta kwa kitambaa, kikajaa tena. Waliporudi, mabinti walimwonyesha bibi yao ngome kwenye simu.

Siku iliyofuata ilikuwa maporomoko ya maji. Safari hii tulishushwa, kwa sababu madam alitaka mtu wa kukaa na mikoba. Tukaachwa kwenye mkahawa, meza ya karibu na vyoo, mikoba imetuzunguka kama tunaiuza. Maji yaliunguruma nyuma ya miti.

"Nayasikia," alisema Bi Mkubwa. "Kama masika iliyokataa kwisha. Makubwa?"

"Sijui, Bi Mkubwa. Sijayaona."

Palikuwa na kibao chenye mchoro wa kiti cha magurudumu na mshale unaoelekea kwenye miti. Kibao kizima, cha buluu, haki ya Mungu hata kipofu angekiona. Sir aliporudi nilimwambia kwa heshima, "Sir, kuna njia ya kiti. Imechorwa pale. Tunaweza kumpeleka sasa hivi."

Alikitazama kile kibao kana kwamba mimi ndiye niliyekipigilia. "Watoto wana njaa," alisema. "Kesho, inshallah."

Ndipo nikaanza kuelewa ni inshallah ipi. Na ndipo nilipoanza kukasirika, ile hasira ya kufunga mikanda ya kiti kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Ningeelewa kama wangemwacha Dubai. Ningeelewa kama wangesema tangu mwanzo, mama, wewe pumzika nyumbani. Lakini walimwamsha kila asubuhi, wakanisubiri nimvishe koti na ushungi, wakampakia, wakamzungusha kwenye vilima vile, kisha wakamwegesha. Na jioni walipopiga simu kwa ndugu walisema, "Mama yupo nasi kila mahali, mashallah."

Siku ya gari la moshi, Bi Mkubwa aliamka kabla yangu. Alitaka ushungi mpya. Alikunywa chai nusu, maana hakutaka kuhitaji choo njiani. Garini hakuacha kuongea. Alituhadithia tena habari ya kanga iliyotobolewa, na safari hii cheche zilikuwa kubwa zaidi.

Stesheni ilikuwa ndogo, imepambwa maua, na treni lilikuwa limesimama linapumua. Nilikisukuma kiti hadi ukingoni mwa jukwaa. Mvuke ulitufunika sote wawili, Bi Mkubwa akafunga macho akauachia umlowanishe uso. Mzee mmoja wa pale, mwenye kofia ya kazi na kibendera mkononi, alitujia mbio mbio. Alimwinamia Bi Mkubwa akamsalimu, kisha akamwambia sir kwa Kiingereza kwamba wanalo behewa la viti vya magurudumu, lina nafasi, wampe dakika moja tu alete ubao wa kupandishia.

Sir akamjibu, "Hapana, asante. Mama yangu atakaa hapa. Anachoka upesi."

Mzee yule alimtazama Bi Mkubwa, kama anayengoja asikie kwa mwenyewe. Bi Mkubwa Kiingereza hakukijua ila cha salamu. Akamgeukia mwanawe. "Kasema nini?"

"Anasema haiwezekani, mama," sir akasema kwa Kiswahili. "Ngazi ziko juu mno. Hawana namna."

Nimesikia uongo mwingi maishani mwangu. Nimedanganywa na mawakala, nimedanganywa na wanaume. Lakini kumsikia mtu akimdanganya mama yake hivyo, kwa utulivu, mbele ya mtu aliyesema kinyume chake wakati huo huo, kulinishinda. Nilifungua mdomo, kwa Kiingereza, nisimwaibishe mbele ya mama yake.

"Sir, amesema ubao upo. Amesema dakika moja."

Madam alinishika mkono. Hakunibana, alinishika tu. "Khalas, basi. Usituharibie siku. Yalla, twendeni, linaondoka."

Wakapanda. Mabinti wakapunga mikono dirishani. Kipenga kikalia, treni likajikokota, likapita mbele yetu behewa kwa behewa, na moja ya yale mabehewa lilikuwa na mlango mpana na mchoro ule ule wa kiti. Lilikuwa tupu. Yule mzee wa kibendera alisimama akatutazama kwa masikitiko, kisha akaingia ofisini mwake.

Jukwaa lilipotulia Bi Mkubwa alisema, "Mwanangu, niambie kweli. Yule mzee kasema nini?"

Nilijua kwamba nikijibu nimejitia mashakani. Nikamwambia neno kwa neno. Aliilaza mikono juu ya koti jekundu. Nilitamani apige kelele, alaani, aniombe nimtafutie fimbo ampigie mtu. Alichosema ni, "Nirudishe garini, nasikia baridi." Gari lilikuwa limefungwa na ufunguo alikwenda nao sir. Tukabaki pale pale kwenye maegesho, upepo ukitupiga, tukingoja watu wafurahi warudi.

Asubuhi yake familia ilikwenda kupanda mlima, na siku hiyo hatukupakiwa. Mlima hauna hata pa kumwegesha mtu mzee. Gari lilipopinda kona, Bi Mkubwa aliweka kikombe chini.

"Vaa koti lako."

"Tunakwenda wapi, Bi Mkubwa?"

"Unajua tunakokwenda."

Nilimwuliza mama wa duka la mikate namna ya kufika stesheni ile, akatoka nje na aproni yake akatuonyesha kituo cha basi. Dereva alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu. Alibonyeza kitu, basi likashusha ubavu wake kama ngamia anayepiga magoti, nami nikamsukuma Bi Mkubwa ndani bila jasho. Abiria wakasogea. Hakuna aliyechelewa popote. Hakuna aliyekufa kwa njaa. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimekasirika upya, kwa sababu ya jinsi lilivyokuwa jambo jepesi.

Mzee wa kibendera alituona tukiingia getini. Alikwenda akaleta ubao, akaulaza, akanisaidia kumpandisha, kisha akamfungulia dirisha, maana Bi Mkubwa alikuwa akilipigapiga kwa kiganja.

Sitaisahau safari ile. Treni lilipanda kandokando ya mto, likapenya msituni, matawi yakatukwaruza, likatoka kwenye mteremko wenye kondoo waliotimua mbio. Bi Mkubwa alitoa kichwa nje hata nikamshika koti kwa nyuma. Aliwapigia kondoo kelele, "Salaam aleikum!" Aliwacheka. Aliimba vipande vya nyimbo za harusi za Unguja ambavyo sikuvifahamu, na mama mmoja wa kizungu aliyekaa na mbwa wake akampigia makofi. Moshi uliporudi dirishani uliacha masizi kwenye koti. Nilinyoosha mkono niyapanguse, akanipiga kofi la kiganja.

"Yawache! Nimeyatafuta tangu utotoni hayo."

Nikampiga picha: ushungi umekwenda upande, pua ina masizi, mdomo umejaa biskuti. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Kurudi, mvua ilitukuta kituoni na basi likachelewa. Simu yangu haikushika mtandao katika bonde lile, na hapo nakubali kwamba mtu wa nyumbani angeingiwa na hofu. Tulipofika, gari lilikuwa mlangoni. Mvua iliwarudisha mapema.

Sir alifungua mlango akiwa bado na viatu vya mlimani. "Mlikuwa wapi? Nimepiga simu kama mwendawazimu! Nani kakupa ruhusa ya kumtoa mama yangu?"

"Sir, tulikwenda…"

"Sikuulizi ulikwenda wapi! Nauliza nani kakuruhusu. Angeanguka je? Tukifika Dubai unakwenda kwenu, umenisikia? Khalas."

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba wake pamoja na zao. Niliutazama ule mkoba. Bi Mkubwa aligonga fimbo kwenye kiti.

"Niulize miye. Huyu kanisukuma tu. Aliyetoka ni miye."

"Mama, wewe pumzika kwanza, umelowa…"

"Jana umenidanganya. Mbele ya mtu mzima mwenzangu, kaniinamia kwa adabu, weye ukanambia kasema haiwezekani."

Madam alitazama zulia. Sir alikuwa mwekundu kama mtoto aliyekamatwa akiiba.

"Nilikuwa nakuonea huruma, mama. Wakubebe na maubao, watu wote wanakutazama…"

"Na wanitazame! Kwani mbaya miye?" Mmoja wa wajukuu aliguna kwa kicheko, akajiziba mdomo. Bi Mkubwa hakucheka. "Hukunionea huruma miye. Umeona haya. Miaka mingapi nimekubeba mgongoni sokoni Deira, weye unalia kamasi zimekujaa? Niliona haya?"

Sir akatoka nje, akasimama mvuani akijifanya anaangalia matairi.

"Na huyu akiondoka," Bi Mkubwa alimalizia kwa sauti iliyofika hadi nje, "naondoka naye."

Sikufukuzwa. Siku mbili baadaye tulikwenda kwenye ziwa lenye njia ya lami inayolizunguka lote, na sir akakisukuma kiti mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Bi Mkubwa alimwelekeza bila huruma: simama hapa, nigeuzie huku, rudi nyuma kidogo nimwone yule bata. Nilitembea nyuma yao mikono mitupu, na kwa saa ile moja moyo wangu ulipoa.

Ungebaki hivyo, ningekuwa sina la kusimulia. Lakini tuliporudi Al Twar walikuja wageni, jamaa wa zamani wa Unguja na Mombasa, na mimi nikiwa napitisha kahawa nikamsikia sir akisema, "Ah, Wales nilimwonyesha mama yote. Hata gari la moshi nilimpandisha! Alikuwa akilitamani tangu utotoni." Akatoa simu akawaonyesha picha. Pua yenye masizi, mdomo wenye biskuti. Picha yangu. Bi Mkubwa alikuwa ameniomba niwatumie wajukuu, na kumbe ilitembea hadi kwa sir.

"Mashallah," walisema wageni. "Mungu akupe watoto wa kukutendea hivyo hivyo."

"Amin," akasema sir.

Niliweka dele la kahawa juu ya meza kwa kishindo kilichofanya vikombe viruke. Nilimtazama Bi Mkubwa, nikingoja. Aliipokea simu, akaitazama picha, akasema tu, "Naam, nimelipanda." Akamrudishia.

Chumbani nilishindwa kujizuia. "Bi Mkubwa, mbona umenyamaza? Amejipa sifa isiyo yake!"

"Nimtoe nguo mbele za watu? Ni mwanangu."

"Yeye alikufanyia hivyo hivyo stesheni."

"Ndiyo. Na weye umeona ilivyo vibaya." Akageukia ukuta. Kwangu mimi halikutosha lile jibu, na mpaka leo halijatosha. Yeye alikuwa na haki ya kumsamehe. Mimi sikuombwa msamaha na mtu, kwa hiyo sikusamehe.

Kiangazi kilichofuata walikwenda Wales tena, wale wanne tu. Sir aliwaambia jamaa kwenye simu, mimi nimesimama pale pale na dawa za mama yake mkononi, "Safari ile ilimchosha sana mama, hatutaki kumtesa."

Alipokata simu nilisema, "Sir, hakuchoka."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, sir. Hata yeye hajaulizwa."

Akaenda kubeba masanduku.

Walipofika huko sir alipiga simu kila jioni. Bi Mkubwa alikuwa ameegemea mito, kanga mabegani, kipande cha halua mkononi, anatazama mchezo wa kuigiza wa Kiarabu. Nikimwambia, "Bi Mkubwa, ni sir," yeye alipandisha sauti ya televisheni kidogo.

"Mwambie nimelala."

"Amelala, sir," nilisema.

"Nasikia televisheni."

"Ndiyo, sir. Inamsaidia kulala."